Si Kila Tarumbeta ni Sikinde

Katika kundi letu la wapenzi wa muziki wa dansi, kila Jumapili jioni hutumwa wimbo wa zamani ulioandikwa neno moja tu, "Zilipendwa", bila jina la bendi wala la mtunzi, kana kwamba ulijipiga wenyewe. Ukiuliza, unajibiwa kuwa ni Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, maana kwa baadhi yetu kila tarumbeta ni Sikinde. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978. Itakuwaje wimbo wa NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964, ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU na hatimaye Msondo Ngoma, uwe wao? Juzi bwana mmoja alinisahihisha, kwa herufi kubwa, kwamba Juwata na Msondo walikuwa mahasimu, na wenzake wakampigia makofi.