Sufuria Zetu Zilivyotutangulia Matangani

Mimi ni mtu wa daftari. Mwezi wa saba mwaka 2022, watoto walipofunga shule, tulihama mtaa hapa Goma, kutoka Katoyi kwenda Ndosho, nami nikaapa kwamba safari hii hakuna kugombana. Mara ya nyuma mama watoto alininunia siku nne kwa sababu ya kinu kilichosahauliwa. Basi nikanunua daftari, nikamwandikia kila mtu kazi yake: mkubwa afunge vyombo, wa pili alinde bidoni za maji, wale wawili wadogo wasilie.

Lakini fahari yangu ilikuwa mfuko wa usiku wa kwanza. Nilipiga hesabu hivi: kinachomchosha mtu siku ya kuhama si mizigo. Ni kuingia nyumba mpya gizani, umeme hakuna, mtoto anadai chakula, na kiberiti kimelala chini ya magunia kumi na moja. Kwa hiyo kila cha lazima nikakitia kwenye mfuko mmoja mkubwa wa mistari: kiberiti, mishumaa, tochi, unga, chumvi, sambaza (vile visamaki vidogo vya ziwani) zilizokaushwa, nguo za kulalia za watoto. Na ufunguo wa nyumba mpya, usije ukapotea.

Mama watoto aliutazama huo mfuko, akauliza, "Na wenyewe ukipotea?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mtaani kwetu gari haliingii vizuri. Ni mawe meusi ya volkano, yenye meno, ukivaa kandambili yanakula kandambili. Kwa hiyo tukaita chukudu mbili. Asiyeijua aende kwenye mzunguko ule wenye sanamu yake ya rangi ya dhahabu: ni pikipiki ya mbao isiyo na injini, magurudumu nayo ya mbao yamevishwa mpira wa tairi, mwenyewe anapiga goti juu ya kipande cha kandambili na kusukuma kwa mguu mmoja. Inabeba mzigo ambao punda angeufikiria mara mbili. Zetu zilibeba magodoro 3, viti 6, meza, sufuria, ule mfuko, na juu kabisa picha yangu ya fremu ya siku ya kupata diploma, nimevaa tai ya kuazima.

Sasa, anwani. Huku hatuelekezani kwa namba. Nilimwambia kijana wa mbele, "Ukipita kanisa, ingia kushoto, tafuta lango la bluu. Utakuta watu wengi wamesimama nje. Wanakungoja wewe, wape vitu tu." Watu wengi wenyewe walikuwa wanakwaya wenzangu sita, niliowaomba waje kushusha. Kwenye daftari wako ukurasa wa tatu.

Chukudu zikaondoka. Sisi tukabaki kufagia na kumaliza hesabu na mwenye nyumba, aliyekata garanti yetu, ile pesa ya dhamana ya nyumba, kwa ajili ya bawaba moja ya mlango. Bawaba ambayo tulimkuta nayo imevunjika. Tuyaache hayo.

Tulifika Ndosho saa kumi na moja jioni. Lango la bluu lipo. Kufuli lipo. Kwaya hakuna, chukudu hakuna, kiti hakuna. Nikampigia yule kijana.

"Papa, sisi tulifika zamani! Tulishusha kila kitu. Watu wako ni wazuri sana, wakatupa na wali."

"Wali gani?"

"Wali na maharage. Halafu, papa, pole sana."

"Pole ya nini?"

Simu ikakatika. Mama watoto alikuwa amekaa juu ya bidoni, mtoto mgongoni, ananitazama kwa utulivu ambao sikuupenda.

"Baba watoto," akasema, "mwaka 2021 Nyiragongo ilitema moto. Tukakimbilia Sake kwa miguu, nyumba tukaiacha hivyo hivyo. Tuliporudi nilikuta sufuria zangu zote. Zote! Volkano haikuzichukua. Wewe umezipoteza kati ya Katoyi na Ndosho."

Hapo ndipo tukasikia wimbo. Niliutambua mara moja kwa sababu ya besi: kuna ndugu mmoja kwenye kwaya yetu ambaye hajawahi kuanza pamoja na wengine. Tukaufuata, njia ya pili chini, mpaka kwenye lango jingine la bluu, la bluu kuliko letu kusema kweli. Nje kulikuwa na watu wengi wamesimama. Ndani, turubai, moto wa kuni, na wanakwaya wangu sita wanaimba nyimbo za msiba huku wanafuta machozi.

Kiongozi wa kwaya aliponiona alinikumbatia. "Ndugu yetu, kwa nini hukutuambia ukweli? Unatuambia unahama, kumbe umefiwa!"

Kabla sijajibu, bibi mmoja mzee akanyanyua kichwa, akanitazama, akatazama ukutani. Pale ukutani, kando ya mshumaa, walikuwa wameegemeza picha yangu ya diploma. "Ndiye huyu!" akasema. "Wa kwenye picha! Amefika!" Nikashikwa mkono, nikapelekwa mbele na kukalishwa kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa changu, nilikijua kwa ule mguu unaocheza.

Macho yakaanza kuzoea. Kwenye mafiga niliona sufuria yetu kubwa, ile ambayo mshikio wake nilifunga kwa waya wa baiskeli, inachemka maji ya ugali. Unga ulikuwa wetu. Sambaza zilikuwa zetu. Mjane alikuwa amelala kwenye godoro letu la chumbani, na chini ya kichwa chake, kama mto, mfuko wa mistari. Wenye ufunguo.

Niambie wewe ungeanzia wapi. "Mama, pole kwa msiba, naomba unyanyue kichwa kidogo"? Nilimtazama mama watoto anisaidie. Alisimama muda, akahesabu sufuria kwa macho, zikatimia, akafunga kitenge vizuri na kwenda kupika na wanawake wenzake. Watoto wetu walikula wakashiba, wakalala kwenye magodoro yao wenyewe katikati ya wafiwa. Wadogo hawakulia. Peke yao waliofuata daftari.

Usiku kucha wazee walinieleza marehemu alivyokuwa, na kufikia alfajiri nilikuwa namlilia kweli.

Baada ya mazishi, mzee wa familia alifungua daftari la michango, aina ile ile ya langu, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote.

"Baba wa Katoyi, yule wa picha. Magodoro 3. Viti 6. Meza 1. Sufuria 4. Unga na sambaza. Kwaya 1." Akavua miwani, akanitafuta kwa macho. "Pesa, bado."