Wazee wa Ujerumani Mashariki wanatamani nini hasa?

Wajerumani wana neno Ostalgie, lililoundwa kwa kuliunganisha neno lao la mashariki na lile la shauku ya mambo yaliyopita. Lilianza kuenea katika miaka ya 1990, na tangu hapo limetumika mara nyingi kwa dhihaka: mzee anayesema kwamba maisha ya Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti iliyokuwepo hadi mwaka 1990, yalikuwa na utulivu zaidi kabla ya Ukuta wa Berlin kuanguka tarehe 9 Novemba 1989 huchukuliwa kuwa amesahau, au kwamba hakuwahi kuelewa alikoishi. Dhihaka hiyo haiwatendei haki wazee hao. Wakati huohuo siwezi kuungana na wale wanaoigeuza kumbukumbu yao kuwa hati ya kuisafisha dola iliyowazuia raia wake kwa ukuta na risasi.

Wazee wenyewe, wanapokumbuka, kwa kawaida hawaanzi na chama wala itikadi. Huanza na kodi ya nyumba iliyochukua sehemu ndogo tu ya mshahara, na mkate mdogo wa asubuhi uliouzwa kwa pfenigi 5, yaani senti za huko, mwaka hadi mwaka. Hukumbuka kituo cha kulelea watoto kilichofunguliwa alfajiri ili mama awahi zamu, na kiwanda chenyewe, ambacho hakikuwa mahali pa kupokea mshahara pekee, kwa kuwa mara nyingi kilikuwa na kantini, zahanati, timu ya mpira na nyumba ya mapumziko kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Takriban wanawake tisa kati ya kumi walikuwa kazini au masomoni, na mwanamke aliyeachika hakulazimika kurudi kwao kuomba hifadhi. Mambo hayo yalikuwepo kweli, wala hayakubuniwa na kumbukumbu za uzeeni.

Uhaba nao ulikuwepo. Aliyeagiza gari la Trabant alisubiri miaka kumi au zaidi. Mwaka 1977, bei ya kahawa ilipokuwa imepanda sana katika soko la dunia baada ya baridi kali kuiunguza mibuni ya Brazil, serikali iliwaletea wananchi mchanganyiko ambao kahawa halisi ilikuwa asilimia 51 tu, na zilizobaki zikiwa chikori (mzizi unaokaangwa na kutumiwa badala ya kahawa), nafaka na vijazio vingine. Watu waliokuwa wamevumilia mengi hawakuivumilia kahawa hiyo, wakamiminia ofisi za serikali barua za malalamiko, mpaka wakubwa wakalazimika kutafuta njia nyingine, ikiwemo kubadilishana silaha kwa kahawa na Ethiopia. Mzee anapoikumbuka miaka ile, kinachomjia zaidi ni jirani aliyemgawia kahawa nzuri iliyotoka katika kifurushi cha ndugu wa Magharibi. Uhaba uliwafanya watu wahitajiane, na kuhitajiana kulizaa ukaribu ambao duka lililojaa bidhaa haliwezi kuuzaa.

Hapo ndipo hoja ya wanaoilaumu dola ile inapopata uzito wake. Katika majengo ya makazi kulikuwa na daftari la nyumba, ambamo mgeni aliyekuja kukaa alipaswa kuandikishwa, na aliyelitunza alikuwa mkazi mwenzao. Polisi wa siri, Stasi, walikuwa na watumishi wapatao 91,000 mwaka 1989 katika nchi ya watu takriban milioni 16, na mbali na hao kulikuwa na mashushushu zaidi ya laki moja na nusu waliotoa habari za wafanyakazi wenzao, marafiki, na wakati mwingine wake au waume zao. Majalada yalipofunguliwa mwaka 1992, wengi walisoma kwa macho yao kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ukaribu uleule uliomletea mtu kahawa uliweza pia kupeleka maneno yake kunakohusika. Walioshindwa kuvumilia hawakuwa na mlango wa kutokea: watu wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin pekee, na wao hawakuufikia uzee wa kukumbuka chochote.

Hata wastaafu wa enzi hizo hawakuwa na hali ambayo wajukuu wao wangeweza kuionea wivu. Pensheni zilikuwa ndogo mno. Kuanzia mwaka 1964 waliruhusiwa kwenda kuwatembelea ndugu zao Magharibi, ruhusa ambayo kijana fundi au daktari hakuipata kwa urahisi, na naona ruhusa hiyo inasema mengi, kwa sababu mstaafu asiporudi dola haikupoteza mfanyakazi. Wanaotamani ya zamani leo, basi, hawautamani uzee wa kikomunisti. Wanautamani ujana na utu uzima wao, yaani miaka ambayo walihitajika.

Tafsiri hiyo inapata nguvu kutokana na mtiririko wa matukio. Tarehe 18 Machi 1990, katika uchaguzi wao wa kwanza huru, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walijitokeza, na kundi lililoongoza kwa mbali lilikuwa lile lililoahidi muungano wa haraka na Ujerumani Magharibi. Watu hawa walikuwa ndio kwanza wametoka katika maisha hayo, na hawakuyatamani. Kisha marki, fedha ya Ujerumani Magharibi, ikaingia tarehe 1 Julai 1990, na kwa usiku mmoja viwanda vikajikuta vikilipa mishahara kwa fedha ambayo bidhaa zao hazikuweza kuileta. Shirika la ubinafsishaji, Treuhand, lilikabidhiwa mashirika yapatayo 8,000 yenye wafanyakazi milioni nne, na kufikia mwisho wa mwaka 1994 mengi yalikuwa yameuzwa au kufungwa. Mwaka huohuo wastani wa watoto kwa kila mwanamke wa mashariki ulikuwa umeshuka chini ya mmoja. Mtu aliyekuwa na miaka 50 wakati huo aliambiwa kwamba ujuzi wake hauna soko, na mara nyingi aliyemwambia alikuwa meneja aliyetoka Magharibi.

Ni kweli pia kwamba pensheni ziliongezwa, umri wa kuishi ukapanda, na hewa ya Bitterfeld, mji wa viwanda vya kemikali, ikaanza kuvutika. Na ile kodi ndogo ya nyumba ilikuwa na bei yake, kwa sababu haikutosha kugharimia matengenezo, na mitaa mizima ya miji ya kale ilikuwa ikibomoka huku watu wakiishi ndani yake. Anayeitaka kodi ile lazima aulizwe habari za paa lile. Hata hivyo, hesabu ya faida haimjibu mzee aliyepoteza heshima yake kazini, kwa kuwa jambo analolilalamikia halimo katika hesabu hiyo.

Kumbukumbu zenye pande mbili namna hii haziko Ujerumani pekee. Huko Zanzibar, nyumba za maghorofa za Kikwajuni zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki bado zinakaliwa, na mkazi wake haulizwi kwanza anaionaje Stasi ndipo aruhusiwe kusema kwamba alilelewa vizuri pale. Msumbiji jambo hili ni chungu zaidi. Kwa mkataba wa mwaka 1979 maelfu ya vijana wake walikwenda kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki, ambako waliishi katika mabweni yaliyotengwa na wenyeji, na wanawake walioshika mimba walilazimika kuchagua kati ya kuitoa na kurudishwa kwao. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa watakaporudi. Kwa miaka mingi waliorejea wameandamana mjini Maputo kuzidai fedha hizo, wengine wakiwa wameshika bendera ya Ujerumani, na wengi wao hao hao husimulia kwa upendo marafiki, muziki na ufundi walioupata huko.