Taa za usiku wa manane kwenye mabanda ya maua

Umeme unapokatika vijijini kandokando ya Ziwa Naivasha, lawama ile ile husikika: sisi tunakaa gizani, na ng'ambo mabanda ya maua yanawaka usiku wa manane. Anayelalamika hivyo ana haki yake. Mtoto wake anasoma kwa koroboi, na hakuna aliyewahi kumweleza ua linataka taa ya nini katika nchi yenye jua la kutosha mwaka mzima.

Jibu limo katika urefu wa usiku wetu. Karibu na ikweta giza hudumu saa 12 hivi, iwe Januari au Julai. Kwa krisanthemu, mojawapo ya maua yanayokuzwa mabandani, giza la namna hiyo ni amri ya kuchanua. Mimea mama inayotunzwa kwa ajili ya vipandikizi, yaani vichipukizi vinavyokatwa ili vioteshwe mizizi, haitakiwi kuchanua hata kidogo, maana kipandikizi kilichokwisha kubeba tumba hakina soko. Mwaka 1920 wanasayansi Garner na Allard, huko Marekani, walionyesha kwamba urefu wa siku ndio unaoamua mimea mingi ichanue lini. Hamner na Bonner wakaongeza mwaka 1938 kwamba mmea wa siku fupi, yaani unaochanua usiku ukiwa mrefu kama krisanthemu, hupima giza lisilokatizwa. Ukilikatiza katikati kwa mwanga wa muda mfupi, mmea huhesabu kwamba umepita usiku mfupi, kisha mwingine mfupi, na kuendelea kutoa majani.

Taa ile, basi, hailishi mmea. Jua la mchana hufika lukisi 100,000 (lukisi ni kipimo cha mwanga). Mwanga wa usiku unaotosha kuzuia tumba ni kama lukisi 100, sehemu moja kwa elfu. Tena haihitaji kuwaka mfululizo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 inajulikana kwamba krisanthemu hutosheka na mwanga wa vipindi: dakika 6 taa inawaka, dakika 24 imezimwa, kwa saa 4 hivi katikati ya usiku. Piga hesabu: saa 4 zina vipindi 8, na vipindi 8 vya dakika 6 ni dakika 48. Hizo ndizo dakika zote za umeme kwa kila taa usiku mzima. Banda likigawanywa sehemu tano zinazopokezana, mtazamaji wa ng'ambo ataona mwanga saa zote nne, ilhali taa zinazowaka kwa wakati mmoja ni moja kati ya tano. Weka taa za LED badala ya balbu za zamani, na hata dakika hizo 48 zinagharimu sehemu ndogo tu ya umeme wa zamani.

Kuna pia suala la saa zenyewe. Watu wa Kenya huhitaji umeme zaidi jioni, wanapopika na kuwasha taa. Baada ya saa nne usiku mahitaji hushuka, huku mvuke wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi iliyo jirani kabisa na mashamba haya, ukiendelea kutoka ardhini. Mwingine umekuwa ukiachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Ndiyo maana Desemba 2017 Kenya ilianzisha bei nafuu ya usiku kwa viwanda na wafanyabiashara. Taa inayowaka kati ya saa nne na saa nane haimnyang'anyi mtu umeme wa kupikia ugali. Kijiji kinakosa umeme kwa sababu ya nyaya, transfoma na gharama ya kuunganishiwa, na hapo ndipo hasira ingepaswa kuelekezwa.

Kwenye suala la kupasha mabanda joto usiku ninasita zaidi. Usiku wa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni wa baridi, na kipandikizi hutoa mizizi vizuri udongo ukiwa na nyuzi 20 hivi. Shamba la maua la Oserian lilipasha joto mabanda yake kwa mvuke wa ardhini, na faida ikawa mara mbili: hewa ilikauka, kuvu wakapungua. Lakini asiye na mvuke akipasha hewa ya banda zima kwa dizeli, anapasha plastiki na anga. Wala jiko la makaa si mbadala. Ethilini, gesi iliyomo katika moshi wake, hupukutisha majani. Joto liwekwe chini ya trei, na kipimo cha thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto, kichomekwe ndani ya udongo wenyewe.

Wakosoaji wana hoja moja ambayo wenye mashamba hawajaijibu vizuri. Naivasha ni ardhioevu ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 1995, na mwanga unaovuja huvuta wadudu na kuvuruga ndege wa usiku. Pazia jeusi ubavuni na taa zinazotazama chini hupunguza sana uvujaji huo. Shamba linaloacha taa zikiwaka mfululizo hadi alfajiri kwa kuwa taima, yaani saa ya kuziwasha na kuzizima, imeharibika halina utetezi. Mmea wenyewe haukuomba mwanga wote huo.