Kumwaga kava la injini uani kwako: baba mdogo ana pointi, na fundi wa Unga Limited pia ana pointi

Pikipiki ya babu ni BSA Bantam, zile za Uingereza zilizotengenezwa kuanzia 1948 mpaka 1971, na ukitaka kuwachekesha mafundi wa bodaboda hapa Pasua, Moshi, we ipeleke tu useme unatafuta kava la klachi. Wanakuuliza ni ya Mchina gani hii. Kava lenyewe lilipasuka zamani, likazibwa na gundi ya chuma, likapasuka tena, mpaka mwaka juzi baba mdogo akaja na wazo kwamba aluminiamu si ndo hiyo imejaa kwa wanunua skrepa, tuyeyushe tumwage letu hapahapa uani. Toka siku hiyo niko katikati ya kambi mbili, ya baba mdogo na ya fundi mmoja wa kukereza kule Unga Limited Arusha ambaye anaamini watu kama sisi tunakitafuta kifo tena kwa gharama zetu wenyewe. Nimewasikiliza wote, na kiukweli wote wana pointi, ila hawaongelei kitu kimoja ndo mana hawaelewani.

Nianze na baba mdogo kwa sababu ndo anaonekana mwendawazimu. Hoja yake ni rahisi, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na mkaa ukipulizwa vizuri unapita hapo bila shida. Anapenda kusema wahunzi wa Mamba huku Kilimanjaro walikuwa wanafua mikuki ya chuma kwa mkaa na mivukuto ya ngozi, sasa sisi wenye feni ya umeme tunashindwaje na chuma cha sufuria? Na hapo yuko sahihi. Debe la chuma ukilipaka ndani udongo wa mfinyanzi, ukatoboa pa kuingiza bomba la upepo, hilo ni tanuru. Kuna watu wanamwaga masufuria ya skrepa kila siku hapa nchini na hawana digrii. Kuyeyusha sio siri, hata mimi siku ya kwanza niliona mbona rahisi hivi.

Siku ya pili ndo nikaelewa. Tulichukua kava la zamani lenyewe tukalitumia kama pateni, yaani kielelezo cha kuacha umbo kwenye mchanga, tukalibana kwenye mchanga wenye udongo na unyevu kidogo (nilichekecha na chekeche la unga la mama, hilo kesi bado ipo), tukamwaga, likatoka kava zuri kabisa, tukapiga na picha. Kwenda kulijaribu kwenye injini matundu ya bolti hayaoani. Aluminiamu ikipoa inasinyaa kama asilimia 1.3, maneno madogo hayo, lakini chukulia kava la sentimita 25 maana yake ni zaidi ya milimita 3, na bolti haina habari na milimita 3 zako, inataka shimo liwe pale lilipo. Alafu pateni ya kava lililokwisha kukerezwa haina nyama ya ziada ya kukereza tena. Kwahiyo tukarudi, tukajaza puti ile ya mafundi wa bodi za magari sehemu za gasketi na kingo zote, mashimo tukayaziba tuje kuyatoboa wenyewe, yaani pateni ikawa kazi ya wiki mbili na kumwaga kwenyewe dakika tano. Mtu akikwambia anamwaga spea nyumbani we muulize pateni umetengenezaje, usimuulize umeyeyushaje.

Skrepa nayo ina mambo. Baba mdogo mwanzoni alikuwa anaokota makopo ya soda na bia, nikamwambia hapana, yale ni aluminiamu ya kukunjwa, haitaki kutiririka kwenye kona za kalibu na nusu yake inaishia kuwa uchafu juu. Kinachotakiwa ni vitu ambavyo vilishamwagwa tangu mwanzo, pistoni mbovu, silinda hedi, kava za injini, kwa sababu zina silikoni ndani ndo inafanya zitiririke vizuri. Ila hapohapo kwenye rundo la pistoni kuna mitego. Kabureta nyingi za zamani ni zinki, sio aluminiamu, ukitupia moja tu umeharibu chungu kizima. Na mbaya kuliko zote ni magnesi, maana injini za Volkswagen za kobe nyumba yake ya krenki (lile ganda la injini linaloshika krenki) ni magnesi, na kwa macho zinafanana kabisa na aluminiamu iliyochakaa. Ile ikiwaka haizimwi na maji, maji yanaizidishia. Kwangua kidogo udondoshee siki, ikitoa mapovu weka pembeni. Hili fundi wa Unga Limited ndo alinifundisha, nikajua kumbe anachukia kazi yangu tu, mimi mwenyewe hanichukii.

Sasa hoja zake. Yeye hasemi kwamba haiwezekani, anasema mnachoita kutengeneza spea ni kutengeneza umbo la spea, na spea yenyewe inazaliwa kwenye mashine yake. Akanionyesha nyumba ya krenki iliyopasuka ya Honda fulani, akaniambia angalia hapa beringi inapokaa, hapa ni mchezo wa sehemu za mia ya milimita, aluminiamu inatanuka ukiipasha moto karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo beringi iliyobana asubuhi injini ikiwa ya baridi inaweza kulegea ikichemka, kiwandani walishalipigia hesabu hilo, nyie mmelipigia? Hatujalipiga. Alafu vipande viwili vya nyumba ya krenki lazima vitobolewe vikiwa vimefungwa pamoja ili krenki isikae upande, na hiyo kazi hamna fundi atakufanyia kwa bei ya kirafiki. Ukijumlisha nauli ya Moshi Arusha na kusubiri zamu, ile "tumemwaga bure" inayeyuka yenyewe bila mkaa.

Silinda hedi ndo kabisa. Aluminiamu iliyomwagwa na kuachwa ipoe ni laini, kiwandani zile aina nzuri zenye silikoni na magnesi kidogo wanazipasha kwenye kama nyuzi 540 masaa kadhaa, wanazitumbukiza kwenye maji, alafu wanazipasha tena nyuzi 150 na kitu masaa mengine. Hatua ya mwisho hata oveni ya keki inaweza. Ile ya kwanza oveni yako haifiki, na mkaa haujui kukaa nyuzi 540 masaa sita bila kupanda, ukipanda kidogo hedi inaanza kulegea mbele ya macho yako. Ukiiacha laini thredi za plagi zinachomoka siku yoyote.

Alafu kuna vitundu. Aluminiamu ya moto inameza haidrojeni kutoka kwenye unyevu wowote, skrepa iliyolowa, mchanga wenye maji mengi, hata hewa ya masika, ikianza kuganda inaitema na kuacha vitundu ndani ambavyo huvioni. Kava letu la pili lilikuwa linapendeza kweli, nikamwaga mafuta ya taa ndani, nje nimepaka chaki, baada ya nusu saa likaanza kutoa madoa kama mtu mwenye tetekuwanga. La tatu tulikausha kila kitu juani siku nzima, hatukuzidisha moto, hatukukoroga, likatoka safi.

Kuhusu kuungua nitasema kifupi kwa sababu kila mtu anajua ila hafanyi. Tone la maji likifunikwa na aluminiamu ya moto linageuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 na zaidi, linarusha kila kitu juu. Sakafu ya zege nayo ina maji ndani, ukimwagikia inaruka vipande, kwahiyo fanyia juu ya mchanga mkavu, na kandambili uzivue uvae buti za ngozi. Kitu kinachodanganya wengi ni kwamba aluminiamu inayeyuka kabla haijawa nyekundu ya kuonekana mchana, mtu anaiona imetulia kama maziwa anadhani haijawa moto.

Kambi ya fundi ina silaha nyingine, kwamba mbadala upo. Kama una CG125 ya Honda, ile iliyotoka 1976, basi wewe huna tatizo kabisa, Wachina wameiiga mpaka imekuwa ya ukoo, nenda dukani ununue. Bantam pia spea mpya zinatengenezwa Uingereza mpaka leo, ni kuagiza tu. Agiza basi uone usafiri na ushuru, kipande cha nusu kilo kinakuja na bei ya ng'ombe, ila kikifika kinafunga. Na lipo la agoni (gesi ya kuchomelea aluminiamu), kuchomelea kava lilelile la zamani, ambalo ndo yeye anapendelea. Hapa simuungi mkono moja kwa moja, aluminiamu iliyolowa oili miaka sitini ukiichomelea oili inachemka kutoka ndani, inatoa moshi na mapovu kwenye mshono, letu tulijaribu mara mbili likapasuka pembeni ya mshono.

Kwahiyo mimi naangalia kitu kimoja tu, kikishindwa barabarani kitafanya nini. Kava la klachi likishindwa linakuchafua kiatu na oili, unasukuma pikipiki mpaka nyumbani ukitukanwa na daladala. Kava, vibano vya taa, kishikio cha bomba la moshi, kava la magneti, hivo nasimama na baba mdogo bila kuona aibu, mana hamna dukani na ukikosea unayeyusha tena chuma hichohicho. Nyumba ya krenki, silinda hedi, pistoni, habu ya tairi, hapo nahamia Unga Limited na mikoba yangu yote. Pistoni ikivunjika kwenye mteremko inaweza kukaba injini, tairi la nyuma likagoma kuzunguka na wewe uko juu. Hiyo sio sehemu ya kujifunzia.

Baba mdogo hajakubali. Anasema nimeogopeshwa na mtu mwenye mashine ya kuuza huduma, na sikatai, fundi naye ana biashara yake hapo. Lakini juzi baba mdogo alipoanza kuchonga pateni ya silinda hedi kwa mbao ya mruka, nikamuuliza thredi za plagi utaziwekea nini, akanyamaza, akasema labda tuweke kibushi cha shaba. Bado anawaza. Kava la tatu liko kwenye injini toka Januari, linavuja kidogo kwenye bolti moja ya chini ambayo shimo lake nilitoboa upande, nimeweka washa ya shaba na nina kitambaa chini ya siti.