Sarafu za Kilwa zisomwe kwa Kiswahili

Mzee mmoja mvuvi wa Kilwa Kisiwani alinifungulia kopo la majani ya chai, akanimiminia kiganjani sarafu tatu za shaba. Nyembamba, upana wake kama ukucha wa dole gumba. Aliziokota ufukweni maji yalipokupwa. Mbili zilikuwa na kutu ya kijani. Ya tatu iling'aa, maana mjukuu wake aliisugua kwa ndimu na mchanga ipendeze. Nikaigeuza huku na huku. Haikubaki na herufi hata moja.

Simlaumu mtoto. Nani alimwambia kwamba ile kutu ndiyo iliyokuwa imeshikilia maandishi?

Aliyetufundisha kuzisoma sarafu hizi kama kitabu ni G. S. P. Freeman-Grenville, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika miaka ya 1950. Kabla yake, mwaka 1936, John Walker wa British Museum alikuwa ameandika juu ya masultani wa Kilwa na sarafu zao. Freeman-Grenville akaenda mbali zaidi. Katika makala zake za 1957 na 1960, na katika kitabu chake cha 1962 kuhusu historia ya pwani ya Tanganyika, alikusanya habari za sarafu zilizookotwa pwani nzima: zimepatikana wapi, ni za nani, zimetoka nchi gani. Kisha akayaweka majina ya sarafu kando ya majina yaliyomo katika tarikhi ya Kilwa, masimulizi ya kale ya masultani wake.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa sarafu za Kilwa hazina mwaka. Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mola, upande wa pili jina la sultani, na pande hizo mbili zina vina. Za Ali bin al-Hasan, kwa mfano, zinamtaja Mola kuwa ni Mawla al-minan, Mwenye fadhila. Ukigeuza, unakutana na al-Hasan. Ni beti la shairi lililogongwa kwenye shaba! Kila nikiifikiria pwani yetu na mapenzi yake ya vina, nashangaa kwamba jambo hili halimo midomoni mwa kila mwanafunzi wa Kiswahili.

Sikubaliani na Freeman-Grenville kila mahali. Aliiamini mno tarikhi, akampanga Ali bin al-Hasan katika karne ya 10 kwa kuifuata. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa miaka ya 1960, akampinga na kumsogeza mpaka karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi, yaani za makhalifa wa Misri, za karne ya 11. Hesabu ya Chittick ikaporomoka. Ya Freeman-Grenville nayo haikusimama yote, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kilichoamua ubishi ule ni mahali sarafu zilipolala, na zilizolala nazo. Sarafu iliyotolewa mahali pake bila maelezo imepoteza nusu ya ushahidi. Iliyosuguliwa kwa ndimu imepoteza na nusu iliyobaki. Na wanaoziona kwanza si maprofesa. Ni wavuvi, wachota maji, watoto wanaocheza kwenye magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini huyu mzee angeijulia wapi? Na Freeman-Grenville amelala kwenye majarida ya Kiingereza.

Ninataka kazi zake zitafsiriwe, na kabla ya hapo kitoke kijitabu chepesi cha Kiswahili chenye picha kubwa: hii ni ya Ali bin al-Hasan, hii ni ya al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga jumba la kifalme la Husuni Kubwa na kumpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Usiisugue. Kumbuka ulipoiokota. Umwone nani. Kigawiwe bure katika shule za Kilwa, Mafia na Pemba kabla ya kufika Dar es Salaam.

Siku ile, katika zile mbili za kijani, moja ilisomeka jua lilipoipiga kwa ubavu. Nikamsomea mzee upande wa kwanza, nikaigeuza, nikamsomea wa pili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia. Naye akafuatisha polepole, akiuvuta mwisho wa kila upande kama anayeanza kaswida: al-minan, al-Hasan.