Kodi ya jengo kwenye LUKU: mzigo umemwangukia mwenye mita

Niliwahi kupanga chumba Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Umeme tulinunua kwa zamu. Serikali ilipoanza kukata kodi ya majengo kupitia LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, Agosti 2021, mwanzo wa mwezi ukageuka msimu wa ugomvi pale uani. Kodi hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kila mmoja akawa anamvizia mwenzake atangulie. Asubuhi moja mama muuza vitumbua aliingiza 5,000, uniti zikaja pungufu, akaja mlangoni kwangu na simu mkononi nimsomee ujumbe. Nikamwambia wamekata 1,000 ya kodi ya jengo. Akaniuliza, "Jengo lipi, baba? Mimi nina kitanda na jiko."

Swali lile sijalipatia jibu mpaka leo, na viwango havikubaki pale. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na ghorofa za mijini 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 vikapanda kuwa 1,500 na 7,500.

Wanaoutetea utaratibu huu nawaelewa. Kodi hii haikuzuka na LUKU. Halmashauri ziliitoza miaka mingi na kukusanya kidogo. Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2016, tuliona foleni za watu wakihangaika na ankara, na nyumba ngapi Dar hazikuwa hata na namba ya kufikishia hiyo ankara? Sasa mtu analipa kidogo kidogo bila kupoteza siku ya kazi. Hakuna ofisa wa kukaa naye kibarazani mkapatana. Barabara za mitaa, mitaro na uzoaji taka vinahitaji fedha, na aliyejenga mjini anastahili kuchangia. Hayo yote nakubali.

Tatizo langu lipo kwenye kipimo. Mita ya umeme haijui nani mwenye nyumba. Kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo, na jibu walilopewa wapangaji ni kwamba wakubaliane na wenye nyumba wao. Aliyewahi kupanga Mbagala au Manzese anajua makubaliano hayo yalivyo: umelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ukileta habari ya 1,500 unaambiwa chumba kina watu wanakisubiri. Lugha yenyewe inamsaidia mwenye nyumba, maana pango tunaliita kodi na tozo ya serikali tunaiita kodi. Akisema "kodi ni juu yako" utabishia ipi? Na kwa mteja wa daraja la matumizi madogo, anayenunua uniti moja kwa takribani shilingi 122, ile 1,500 ni uniti 12 zilizopotea.

Kuna pia nyumba moja yenye mita tatu, inayokatwa mara tatu mpaka mwenyewe aende kufuatilia.

Linaloniuma zaidi ni ghorofa. Familia yenye kiwanja chembamba Manzese, isiyo na pa kutanuka, ikipandisha sakafu juu ili vijana wapate pa kulala, inaingia kwenye 7,500 kwa kila sakafu. Jumba la chini la vyumba vingi Mbezi Beach, lenye bustani na maegesho ya magari manne, linalipa 1,500. Jiji hili limeshatanuka hadi Chanika kwa sababu kila mtu anajenga chini, halafu anayejenga kwenda juu ndiye anayetozwa zaidi.

Wengine wanasema basi turudi kwenye uthamini wa kila jengo. Hapo nasita. Uthamini ni ghali, unachukua miaka, na unamrudisha yule ofisa kibarazani. Tena thamani ya nyumba siyo fedha mfukoni: mjane wa Kariakoo anaweza kuwa amekalia kiwanja cha mamilioni na jioni akakosa hela ya unga. Msamaha wa wazee wa miaka 60 na kuendelea upo kwa nyumba wanayoishi, lakini mjane wa miaka 50 haumfikii.

Njia ya kati ipo, na serikali tayari inaitumia kwingine. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa kuangalia eneo, matumizi na ukubwa wa kiwanja. Madaraja manne au matano ya namna hiyo yangetosha kuitenganisha Tandale ya watu wa kipato kidogo na Masaki ya matajiri bila kumtuma mthamini kila mlango.

Kwa mpangaji ningeanza na jambo dogo zaidi. Ujumbe wa LUKU tayari unaonyesha kiasi kilichokatwa. Sheria itamke kwamba ujumbe huo ni stakabadhi halali mbele ya mwenye nyumba, na kwamba mpangaji anaweza kupunguza kiasi hicho kwenye pango la miezi sita inayofuata bila kuomba ruhusa ya mtu.