Chagua mtaa kwanza, nyumba baadaye

Mtu akisema anahamia mji mwingine, swali la kwanza analoulizwa na kila anayemfahamu ni kama amepata nyumba. Hakuna anayemuuliza kama amepata mtaa. Naye anaingia kwenye simu, anapitia picha za vyumba, anahesabu soketi na kupima jiko kwa macho, halafu anasaini mkataba wa mwaka mzima katika eneo ambalo hajawahi kulikanyaga. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea mpangilio. Ndani ya nyumba utabadilisha mengi: pazia, rangi, kitasa, hata ukuta ukielewana na mwenye nyumba. Barabara inayopita mbele yake, kelele za usiku, umbali wa kwenda kazini na watu utakaopishana nao kila asubuhi, hivyo unavipokea kama ulivyovikuta.

Nianze na safari ya kila siku, maana hakuna kinachodharauliwa kama hiyo. Wachumi wawili, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichapisha mwaka 2008 utafiti uliotumia takwimu za Ujerumani. Kwa hesabu za kawaida za uchumi, anayekaa mbali na kazi hufidiwa, ama kwa kodi nafuu, ama kwa nyumba kubwa, ama kwa mshahara mnono, kwa hiyo hana sababu ya kuishi vibaya kuliko anayekaa karibu. Takwimu zilikataa. Waliotumia muda mrefu njiani hawakuridhika na maisha yao kama wenzao wa karibu, na ile fidia haikuziba pengo. Sishangai hata kidogo. Chumba cha ziada unakizoea mara moja na kukisahau. Foleni huizoei, kwa sababu kila siku inakuja na sura mpya: leo ajali, kesho mvua, keshokutwa gari la abiria limejaa, limepita kituoni bila kusimama.

Dalali akikuambia mtaa uko dakika 20 tu kutoka mjini, ujue hizo ni dakika za Jumapili asubuhi. Nenda mwenyewe siku ya kazi. Simama kituoni saa moja asubuhi, panda kile unachokusudia kupanda kila siku, shuka, tembea mpaka mlangoni pa ofisi. Kisha rudi jioni wakati kila mtu anarudi. Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika kwamba binadamu wa zama na nchi mbalimbali huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku kwenye safari zao, kwenda na kurudi. Chombo kikiwa na kasi zaidi, watu huhamia mbali zaidi, saa ikabaki ileile. Mimi saa hiyo naichukulia kuwa mpaka. Mtaa unaokudai saa tatu kwa siku, hata ungekuwa mzuri namna gani, unakupokonya muda wa watoto, wa kulala na wa kuwajua majirani zako.

Na majirani ndio jambo linalonigusa zaidi katika suala hili zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alichunguza mitaa mitatu ya makazi huko San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Mmoja ulipitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, mwingine kama 16,000. Wakazi wa mtaa uliotulia walikuwa na marafiki mtaani kwao mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi. Waliokaa kwenye mtaa wenye msongamano walijifungia ndani na kuhamia vyumba vya nyuma. Wale wa mtaa tulivu waliona hata njia ya nje kuwa sehemu ya kwao. Ndiyo maana nikifika mahali naangalia kwanza kama kuna watu wamesimama nje wakizungumza. Kama hakuna, najiuliza ni nini kinachowakimbiza.

Kuna mfano mzito zaidi. Julai 1995 joto kali liliua watu zaidi ya 700 Chicago. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha maeneo mawili yanayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote mawili yalikuwa na umaskini na wazee wengi wanaoishi peke yao. Lakini kiwango cha vifo upande wa kaskazini kilikuwa kama mara kumi ya kile cha kusini. Klinenberg alieleza kwamba kusini mitaa ilichangamka: maduka yalikuwa wazi, watu walipita huku na huko, mzee alikuwa na mahali pa kwenda na mtu wa kumwona. Kaskazini kulikuwa na viwanja vitupu na nyumba zilizotelekezwa, na wazee waliogopa kutoka. Nikisoma habari hiyo, neno usalama linapata uzito mwingine kabisa. Tangazo likisema eneo ni salama, mara nyingi linamaanisha ukuta mrefu na geti. Mimi ningependa kujua kama siku mbili zikipita bila mimi kuonekana, kuna mtu atakayebisha hodi.

Kwa mwenye watoto, uamuzi huu una uzito wa ziada. Marekani ilifanya jaribio katika miaka ya 1990, familia maskini zikapewa kwa bahati nasibu nafasi ya kuhamia maeneo yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipofuatilia miaka mingi baadaye, waliona kwamba waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 31 walipokuwa watu wazima. Kwa waliohama wakiwa wakubwa zaidi faida hiyo haikuonekana. Kwa hiyo kama una mtoto mdogo na unasema utahamia mtaa mzuri mambo yakikaa sawa, jua kwamba kusubiri nako kuna gharama.

Najua kwa wengi wetu bajeti ndiyo inayochagua. Ni kweli, na simlaumu mtu kwa hilo. Lakini kwa pesa ileile mara nyingi kuna mitaa kadhaa, na tofauti kati yake hazionekani kwenye picha. Zinaonekana kwa miguu. Pita wakati wa mvua kama unaweza. Kama ni kiangazi, angalia chini ya kuta: rangi iliyovimba na kubanduka, mstari wa udongo uliokauka, au rangi mpya iliyopakwa mpaka usawa wa goti tu wakati juu yake imepauka. Hapo maji yameingia, na yataingia tena. Tazama mtaro wa mbele ya nyumba kama unapitisha maji au umejaa takataka. Rudi saa tatu usiku uone taa zipi zinawaka, muziki unatoka wapi, na kama wanawake wanatembea peke yao bila kuharakisha. Maji na umeme ulizia kwa wapangaji, usimuulize mwenye nyumba.

Na kama kuna njia yoyote, panga kwa muda mfupi kwanza. Chumba kimoja, miezi michache, hata kama fanicha zitabaki zimefungwa. Watakaokuambia unapoteza pesa kwa kuhama mara mbili hawajahesabu gharama ya kuvunja mkataba wa mwaka, wala ya kununua nyumba mahali ambapo baadaye unatamani kuondoka. Anayenunua ndiye anayehitaji ushauri huu zaidi, naye ndiye anayeharakishwa zaidi. Akisikia kuna mteja mwingine anakuja kesho, anatoa pesa leo.

Ukishapenda mahali, kabla ya kusaini, mtafute mpangaji anayehama au aliyehama karibuni umuulize kwa nini anaondoka. Dalali ana kamisheni yake, mwenye nyumba ana chumba kitupu, na anayebaki huenda anaona aibu kusema vibaya kwake. Anayefunga virago hana cha kuficha. Akisema amepata kazi mkoa mwingine, sawa. Akianza kwa kuguna, kaa chini umsikilize.